Gemu yangu ya upelelezi: ngeli zinamtaja muuaji kabla ya mchezaji

Fundi_wa_Ngamiani

Wakuu, heshima zenu.

Wale mliopakua "Karani wa Stesheni" kesi ya kwanza, ile ya mzigo uliopotea Korogwe, ahsanteni sana. Kwa wasioijua: ni gemu ya upelelezi ya Kiswahili, ya maandishi na picha za kuchora, inachezwa kwenye simu ya Android na kwenye kompyuta. Naitengeneza peke yangu hapa Tanga kwa Ren'Py, programu ya kutengenezea gemu za hadithi. Dada yangu anachora sura za watu, mengine yote ni mimi na laptopu ambayo feni yake inasikika hadi barazani. Mhusika mkuu ni karani wa tiketi kwenye reli ya Tanga hadi Moshi, mwaka 1955, mtu mwenye udadisi mkubwa kuliko cheo chake. Nilipanga kesi tano, kila moja na stesheni yake: Korogwe, Muheza, Mombo, Same, halafu ya mwisho inarudi Tanga mjini.

Sasa niko kwenye ya pili, Muheza, shamba la mkonge. Manamba mmoja, yaani kibarua wa shamba, kaokotwa Ijumaa amekufa kati ya marobota ya singa, zile nyuzi za mkonge, na daktari anasema alikufa Jumanne usiku. Kinachomtoa karani wetu kwenye kiti ni kipande cha marehemu. Kwa vijana: kipande ilikuwa kadi ya kazi ya siku 30. Ukifanya kazi siku hiyo unatiwa alama, kadi ikijaa ndipo unalipwa. Marehemu kafa Jumanne, lakini kipande chake kina alama ya Jumatano na ya Alhamisi. Nani anamfanyisha kazi maiti, na mshahara wake unakwenda mfukoni mwa nani?

Hadithi basi ninayo. Kinachonisumbua ni ripoti.

Mchezaji akibonyeza kitu au kauli ya shahidi, neno linaingia kwenye daftari. Mwishoni anajaza ripoti yenye nafasi wazi kwa kutumia maneno ya daftari. Mtindo huu nimeuchukua kwenye The Case of the Golden Idol ya 2022, kazi ya ndugu wawili wa Latvia, na sioni aibu kulisema hilo, kwa sababu ndiyo gemu iliyonitia wazimu huu. Sentensi yangu moja inasema hivi:

"Marehemu aliuawa kwa ______ kilichofichwa ndani ya robota."

Kwenye daftari kuna kisu, panga, sindano ya kushonea magunia, mundu na shoka. Mmeshaona? Mpwa wangu wa kidato cha pili aliona bila kufungua ushahidi hata mmoja. "Mjomba, hapo si kisu tu? Umeandika kilichofichwa." Akaenda nafasi ya pili kwa njia hiyohiyo, ya tatu hivyohivyo, akamaliza, akaomba chaji ya simu. Kesi niliyoisuka kwa miezi imevunjwa kwa somo la upatanisho wa kisarufi.

Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza hawajui taabu hii. Kitenzi chao hakijali kama ni kisu au panga. Kwetu nomino ikikohoa, sentensi nzima inaitikia.

Kwa hiyo naomba mawazo. La kwanza na kubwa ni hilo la ngeli: nizifiche vipi bila kuharibu Kiswahili? La pili, hata ngeli zikifichika, mtu mvivu atajaribu neno baada ya neno hadi likubali, nimzuie vipi bila kumuudhi yule anayefikiri kweli? La tatu, kesi ya Mombo nimeisimamisha juu ya saa: shahidi anasema saa mbili, ratiba ya treni ni ya Kizungu, tofauti saa sita. Inatosha kubeba kesi nzima? Na kama kuna aliyeuza gemu nje akiwa huku, aniambie njia. Ya kwanza niliitoa bure kwenye itch.io, tovuti ya kutolea gemu, ya pili ningependa irudishe walau luku.

Naomba kuwasilisha.

---

Mwalimu_Magoma

Mkuu, hongera. Na huyo mpwa wako mpe zawadi. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, kuna wengi wa kidato cha nne hawangeiona.

Dawa ya haraka: usiiache nafasi wazi ibebe upatanisho. Tanguliza nomino nyingine, hiyo ndiyo ibebe. Badala ya sentensi yako andika:

"Silaha iliyotumika ni ______. Mahali ilipofichwa ni ______. Mtu aliyeificha ni ______."

Silaha ni ngeli ya I-ZI. "Iliyotumika", "ilipofichwa", "aliyeificha", vyote vinaisikiliza silaha, na jibu linakaa baada ya "ni", ambayo haipatani na kitu chochote duniani. Mpwa ataangalia hapo hadi macho yamuume.

Njia nyingine ni kuhakikisha maneno yote yanayoweza kuingia nafasi moja ni ya ngeli moja. I-ZI ndiyo ghala kubwa: sindano, nyundo, kamba, sumu, chupa, fimbo, bastola, spana, nondo. Maneno mengi ya mkopo yameangukia humo, hivyo kiwanda kimejaa silaha za I-ZI kuliko unavyodhani. Ila kisu kitabaki nje, na mkonge hukatwa kwa kisu. Shamba la mkonge lisilo na visu nani ataliamini?

Jihadhari zaidi na vivumishi. Kisu kirefu, panga refu, sindano ndefu, mundu mrefu: hapo umeshaandika jina la muuaji kwa chaki. Lakini vivumishi vilivyotoka Kiarabu havigeuki. Safi, hafifu, imara, ghali, rahisi. Shahidi akisema "alishika kitu, nadhani kilikuwa imara" hajatoa siri, kwa sababu hiyo "ki-" ni ya kitu chenyewe.

Na usiilaumu lugha tu, ina fadhila zake. Kiambishi "a-" hakisemi mwanamume wala mwanamke. Shahidi akisema "nilimwona akitoka stoo, akafunga mlango, akaondoka na taa", watuhumiwa wako wote bado wamo, wake kwa waume. Mwandishi wa Kiingereza hapo angehangaika kweli kumficha mtu wake. Wewe unaficha bila jasho.

---

Mwana_Kisauni

Mwalimu amesema kweli, lakini ripoti ya namna hiyo itasomeka kama fomu ya polisi. Ndugu yangu, wewe una hadithi tamu ya maiti anayetiwa alama kazini, usiimalizie kwa fomu.

Mimi naandika programu hapa Mombasa, si za gemu, lakini tatizo hili nimelikuta kwenye jumbe za simu za wateja: "kifurushi chako kimefika", "barua yako imefika", "sanduku lako limefika". Unatengeneza jedwali. Kila neno la daftari unaliandikia ngeli yake na viambishi vyake:

kisu: kilicho-, -ki-, cha
panga: lililo-, -li-, la
sindano: iliyo-, -i-, ya
mundu: ulio-, -u-, wa

Sentensi iliyo tupu inaonyesha "______ …fichwa ndani ya robota". Mchezaji akichagua panga, inajijaza yenyewe: "panga lililofichwa ndani ya robota". Akibadili mawazo akaweka sindano, inakuwa "sindano iliyofichwa". Kiswahili kinabaki safi, siri inabaki siri, tena kuna raha yake kuona sentensi inajipanga mbele ya macho yako. Ren'Py iko juu ya Python, lugha ya kuandikia programu, jedwali kama hilo ni kazi ya jioni moja. Neno likiwa ndani ya mabano ya mraba kwenye maandishi, Ren'Py inaweka thamani yake wakati wa kuonyesha, kwa hiyo weka mabano mawili, moja la neno na jingine la kiambishi.

Mitego ninayoijua:

Usiiachie programu ikisie ngeli kwa herufi za mwanzo. Mbele ya mashine "kiongozi" na "kisu" ni ndugu wa tumbo moja. Kijana, kipofu, kiongozi, wote waandike A-WA kwa mkono wako.

Vitu vya wingi tu, kama mafuta na maji, viandikie YA uende zako.

Yambwa ndani ya kitenzi isikuponyoke. "Alikificha, alilificha, aliificha, aliuficha." Ukirekebisha "kilichofichwa" ukaisahau "alikificha" kwenye sentensi inayofuata, mpwa anarudi.

Vivumishi kama alivyosema Mwalimu: viepuke kabisa karibu na nafasi wazi. Jedwali la -refu na -pya linawezekana lakini utajuta.

---

Bi_Mkubwa_Pangani

Mwanangu, mimi si mtu wa kompyuta. Kesi ya Korogwe nilichezeshwa na wajukuu, wao wanabonyeza mimi naamrisha. Mwizi nilimjua kabla yao.

Nina mawili. La kwanza, Mwalimu kasema "a-" haimtaji mwanamke. Sawa, lakini udugu unamtaja. Weka barua isiyo na jina, imeokotwa chini ya mlango wa ofisi: "Nilimkataza wifi yangu asipite korona usiku ule, hakusikia." (Korona ni penye mashine ya kusaga majani ya mkonge.) Mwanamume hana wifi. Aliyeandika ni mwanamke, anayetajwa ni mwanamke, na katikati yao yuko mwanamume ambaye ni mume wa mmoja na kaka wa mwingine. Neno moja limekupa watu watatu, na hujasema jina. Shemeji haitakufaa, shemeji wanaitana wake na waume.

La pili ni hiyo maiti yako. Marehemu baba alifanya kazi brashi, kwenye mashine za kusafishia singa, kwa hiyo haya niliyasikia kila siku. Jani likipita korona linasagwa kwa maji mengi, singa zinatoka mbichi zina majimaji yanayowasha ngozi vibaya. Zinaoshwa, zinaanikwa juani kwenye waya. Zikikauka ndipo zinakwenda brashi, huko ni vumbi jeupe tupu, mtu anatoka kama kamwagiwa unga. Kisha robota. Sasa wewe umeweka maiti kati ya marobota, mahali pakavu. Kama nguo zake zina ukoko wa majimaji ya mkonge, basi hakufia hapo, aliuawa korona akaburutwa. Kama ana vumbi jeupe, alitoka brashi. Na aliyembeba atakuwa anajikuna. Siku ya pili mtu anajikuna mikono na hajafanya kazi korona wiki nzima, muulize kwa nini.

---

Kete_Tatu

Natoka Nairobi, kazi yangu ni kujaribisha programu za watu hadi zivunjike, basi nitajibu hilo la kubahatisha.

Tuhesabu. Una watuhumiwa 5, silaha 5, mahali 5. Mchanganyiko wote ni 125. Lakini gemu ikimwambia mchezaji nafasi ipi iko sawa na ipi siyo, 125 haipo tena. Anajaza zote tatu kwa pamoja, anabadilisha zile zilizokataa, na akifika jaribio la 5 amemaliza hata kama hajui kusoma. Nilijaribu kesi yako ya kwanza hivyo, ilikubali. Ikithibitisha ripoti nzima kwa mkupuo, ndipo zile 125 zinarudi na hakuna mvivu atakayezimaliza.

Kati ya hizo mbili kuna njia za watu waliotangulia. Golden Idol uliyoitaja haisemi kosa liko wapi, inakuambia tu pale makosa yanapokuwa mawili au pungufu. Mtu aliyekaribia anapata moyo, aliye mbali hapati kitu. Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope ina watu 60 melini, kila mmoja umtaje jina na yaliyompata, na gemu inathibitisha ikiwa tu umepatia watatu. Unaweza kumbahatisha mmoja kama una wawili wa uhakika; ila kubahatisha watatu kwa pamoja hakuna faida. Kwa kesi ndogo kama zako ningechukua njia ya Latvia. Tatu-tatu inataka umati.

Sasa niseme ambalo hukuuliza. Kesi tano. Nani amekulazimisha tano?

Huyo Pope alianza kuonyesha Obra Dinn mwaka 2014, na gemu ilitoka Oktoba 2018. Ni gemu moja hiyo, na ya mtu ambaye tayari alikuwa na Papers, Please ya 2013 mgongoni. Dave Gilbert wa New York alitengeneza mfululizo wa Blackwell kwa Adventure Game Studio, chombo cha bure, upelelezi wa mwanamke na mzimu anayefuatana naye. Ziko tano kama zako: 2006, 2007, 2009, 2011, 2014. Tazama ya pili ilivyofuata haraka. Ile ilianza kama sehemu ya kurudi nyuma ndani ya gemu iliyokuwa inafuata, akaikata, akaifanya gemu fupi inayojitegemea, akaitoa. Halafu kuna Frog Detective ya Australia, chura mpelelezi, gemu tatu fupi za kumaliza kwa kikao kimoja: 2018, 2019, 2022. Watu wanazipenda kwa sababu zinaisha.

Ushauri wangu: Muheza iwe fupi kuliko Korogwe. Usitangaze Same wala Tanga mpaka Mombo ichezeke. Tano ukishaitamka hadharani imekuwa deni, na wadai wake ndio walewale wanaokupenda.

---

Mzee_wa_Mombo

Mkuu Fundi, hiyo ya saa kama ulivyoiweka ni kitendawili cha watalii. Mtu aliyekua anasema saa mbili huku mshale uko kwenye nane ataikamata kabla hujamaliza kuiandika. Mgeni ataona maajabu. Sisi tutaona uvivu.

Igeuze. Reli hiyo mwaka 1955 ilikuwa chini ya shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948, na karatasi zake ni za Kiingereza. Faili la polisi vilevile. Shahidi wako anasema alimwona mtu jukwaani "saa mbili usiku". Afisa Mwingereza anaandika mbili, mbili ya kwake. Faili linapomfikia karani wetu, analisoma kwa Kiswahili chake: saa nane usiku. Mchezaji anaona "saa nane usiku" na hakuna kinachonuka. Hakuna tofauti ya saa sita ya kuitambua, kwa sababu imeshamezwa ndani ya faili.

Halafu mahali pengine kabisa, kwenye maongezi ya kawaida, shahidi yuleyule anataja kwamba alikuwa njiani kutoka msikitini, Isha ndiyo imeisha. Isha na saa nane usiku haviwezi kukaa nyumba moja. Anayeliona hilo analazimika kurudi nyuma mwenyewe: nane, mbili, mbili, nani aliandika? Na mwongo kwenye kesi anakuwa hayupo, kuna karatasi tu. Mtu aliyewekwa ndani kwa faili hilo hana kosa lolote.

Kama utaitumia, usimwache karani aeleze kwa aya nzima jinsi saa zilivyokosewa. Tunajua. Aseme "lete hilo faili" basi.

---

Fundi_wa_Ngamiani

Wakuu, sikutegemea haya. Nimesoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Kuhusu ngeli nimejaribisha zote mbili na nitatumia zote mbili, ila mahali tofauti. Karani wetu anaandika ripoti rasmi kwa mkuu wa stesheni, na ripoti ya karani ndiyo fomu kweli. Hapo "silaha iliyotumika ni" ya Mwalimu inakaa kama imezaliwa humo, na dada ameshachora karatasi yenye mistari na mhuri. Lakini kabla ya ripoti kuna sehemu anaposimulia kilichotokea usiku ule, na huko nimeweka jedwali la Mwana_Kisauni. Mpwa amekaa nayo juzi. Alipoona "…fichwa" alinitazama muda mrefu, akaanza kusoma kauli za mashahidi. Jina la mkosaji sijamwambia hadi leo na ananisumbua kwa meseji.

Kitu kimoja ambacho jedwali limenifungulia, na hamkukitaja: mchezaji akiweka neno lisilo sahihi, sentensi bado ni Kiswahili sanifu. "Panga lililofichwa ndani ya robota" ni uongo ulionyooka. Zamani jibu baya lilijulikana kwa kuchukiza sikio. Sasa uongo na ukweli vinasikika sawa, na hiyo ndiyo kazi ya upelelezi.

Bi Mkubwa, shikamoo. Majimaji na vumbi vimeingia, na kujikuna kumeingia. Mtuhumiwa mmoja alikuwa karani wa vipande, mtu wa ofisini anayevaa mikono mirefu. Nilimvalisha hivyo bila sababu yoyote, sasa sababu ipo. Barua ya wifi nayo nimeiweka, ila nina swali: huku mitaani wasichana marafiki wanaitana wifi kwa utani, hata kama hakuna kaka wa mtu. Haitanipotezea dalili?

Kete_Tatu, umenikata maini lakini sawa. Njia ya "makosa mawili au pungufu" nimeichukua, ila kwangu nafasi ziko chache, nimeifanya kosa moja tu. Muheza nimeipunguza: nimeondoa safari ya kwenda bandarini, ambayo kusema kweli niliiweka kwa ajili ya picha ya meli. Na tano nimeifuta kwenye ukurasa wa gemu. Kichwani bado zipo, huko hamuwezi kufuta.

Mzee wa Mombo, sina la kuongeza. "Lete hilo faili" inaingia kama ilivyo.

---

Bi_Mkubwa_Pangani

Marahaba mwanangu. Wifi ya utani inasemwa mdomoni, mbele ya mtu, watu wanacheka. Haiandikwi kwenye barua ya siri ya kifo. Lakini kama una wasiwasi mwongezee mstari: "wifi yangu, mama wa watoto wa kaka". Basi, imefungwa.

Na huyo karani wa vipande asiwe muuaji. Kila mtu atamdhani yeye.

---

Mwana_Kisauni

Kwa upande wa fedha, kwa kuwa hakuna aliyejibu: Google Play ni dola 25 mara moja tu. Ila akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa ifanye majaribio yaliyofungwa (closed testing) na watu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kutoa gemu kwa wote, zamani walikuwa 20. Uzi huu peke yake unakutosha kuwapata. Steam, duka la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, zinarudi gemu ikishaingiza dola 1,000, na wao wanachukua asilimia 30. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mauzo ya kule yanakatwa asilimia 30 nyingine ya kodi. Itch.io unapanga mwenyewe uwape asilimia ngapi. Kwa gemu ya Kiswahili wachezaji wako wako kwenye simu, ningeanza Play.

---

Kete_Tatu

Niandike kwenye hao 12. Na Bi Mkubwa naye awekwe, amekuharibia muuaji bila hata kuicheza.

---

Mgeni_Lushoto

Samahanini kuingia katikati. Nimepakua Korogwe leo baada ya kusoma uzi huu. Nikifika kwa mzee wa kahawa nikibonyeza daftari halifunguki, skrini inabaki na picha ya stesheni tu. Simu ni ya zamani, Android 8, nafasi iliyobaki ni ndogo.

---

Fundi_wa_Ngamiani

Karibu Lushoto. Umebonyeza daftari wakati mzee bado anaongea, au alipomaliza? Kama bado anaongea nalijua hilo, toleo la Jumapili limelirekebisha. Kama alikuwa amemaliza nitumie picha ya skrini, na uniambie gemu umeiweka kwenye kadi ya kumbukumbu au kwenye simu yenyewe.